Mashine Inapashwa Kufuata Muguu
Juu ya nyimbo za wazee zinazotiwa mu ordinatere

Tumezoea kuandika mu kitabu chetu juu ya desturi zinazopotea. Mara hii ninaandika juu ya desturi ambayo haikupotea hata kidogo: iko, inapita mu telefone, inalia mu bafle, lakini inachechemea. Ninasema juu ya nyimbo za wazee wetu zilizorekodiwa zamani ku kaseti, ambazo vijana wanazitia mu ordinatere ili waziongezee ngoma, besi na gitare. Kazi hiyo ninaisifu. Bila hiyo, kaseti nyingi zingeoza mu masanduku. Lakini mara nyingi inafanywa kinyume: wimbo unalazimishwa kufuata mwendo wa mashine, kumbe ni mashine inayopashwa kufuata mwendo wa wimbo. Hilo njo neno langu, na nitalieleza kwa mufano mumoja nilioufuata kwa karibu.

1. Usiku wa kilio

Mwaka jana, hapa Lubumbashi, jamaa moja ya jirani ilifiwa na mama yao. Alikuwa mama wa mapasa, na kwa desturi yetu sisi Waluba nyimbo za mapasa hazikosi mu kilio cha mama kama huyo. Vijana wa jamaa walipata kaseti ya zamani. Ndani yake marehemu anaongoza wimbo wa Kyungu na Kabange, wanawake wengine wanaitikia, na mudogo wake anapiga chupa kwa kisu. Walimupelekea mwenzao mwenye ordinatere, akaifanyia kazi siku kadhaa, na usiku wa mwisho wa kilio wakaupiga wimbo ku bafle.

Sauti ya marehemu ilipotoka, watu wote walinyamaza. Yule mudogo wake, ambaye leo ni kambo wa wajukuu wengi, akasimama kwa kucheza. Alifanya hatua mbili, akaacha. Akangoja, akajaribu tena, akaacha tena. Kiisha akarudi ku kiti na kusema: « Sauti ni ya yaya, njo yeye. Lakini miguu yangu haione fasi. »

Vijana walisikia uchungu. Mumoja alisema: « Bazee habapendake bintu bya sasa. » Ninapashwa kukiri kama usiku ule mimi pia niliwaza hivyo. Tulimupa kambo maji ya kunywa, kama mutu mwenye kuchoka.

Lakini neno lake lilinifuata mpaka nyumbani. Kambo huyu hakusema kama wimbo ni mbaya, wala kama besi inapiga makelele. Alisema jambo la hesabu: hakuna fasi ya kuweka muguu. Mutu ambaye yeye mwenyewe alipiga chupa mu wimbo ule hawezi kuukosa bila sababu. Basi nikaomba kaseti, nikaomba pia kazi ya vijana, na tukakaa pamoja, mimi, kambo na vijana wale, tukasikiliza zote mbili.

2. Hesabu ya kambo na hesabu ya mashine

Tulifanya jambo rahisi. Tulipiga kaseti, kambo akakanyaga, mimi nikashika saa. Ku mwanzo wa wimbo, hatua 32 zilichukua sekunde 20. Ukizidisha hatua kwa 60 na kuzigawa kwa sekunde, unapata mwendo: 32 mara 60, gawa kwa 20, ni hatua 96 kwa dakika. Huo njo wanamuziki wanauita tempo.

Sasa ordinatere ilisema nini? Kijana alipotia wimbo ndani, programu ilipima yenyewe na kuandika 144. Je, mashine ilidanganya? Apana, na hapo njo penye fundisho. Chupa ya kambo inazunguka mu duru ya vipigo vidogo 12: vingine vinalia, vingine ni nafasi tupu. Namba 12 inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6. Wachezaji wa wimbo huu wanakanyaga kila vipigo vidogo vitatu, ni kusema hatua nne mu duru moja. Mashine ilivikamata viwili viwili, ikapata sita. Vipigo vidogo vyenyewe vinatembea 288 kwa dakika. Gawa kwa 3, unapata 96 ya kambo. Gawa kwa 2, unapata 144 ya mashine. Ungegawa kwa 4, ungepata 72. Mu hesabu zote tatu hakuna kosa la kugawa, lakini moja tu njo watu wanaicheza. Mashine inasikia chupa, haione miguu.

Kijana aliona 144 ni mbio sana kwa ngoma aliyotaka. Akashusha mwendo wa kazi yake mpaka 120, ambayo ni tempo programu nyingi zinafungua nayo zenyewe, na akaiambia programu ivute sauti za kaseti ili zienee humo. Programu za sasa zinaweza kurefusha wimbo bila kushusha noti, jambo ambalo mashine ya kaseti haikuweza. Basi dakika moja ya marehemu ikawa sekunde 72, na hatua 96 zikawa 80. Juu yake ngoma kubwa ya mashine ikapiga mara 120, ni kusema kila vipigo vidogo viwili. Kambo alipotaka kukanyaga mara mbili, ngoma ilikuwa inapiga mara tatu. Njo sababu miguu yake haikuona fasi. Na sauti zile, kwa kuvutwa, zilitetemeka kama za watu wanaoimba ndani ya pipa.

Tuelewane vizuri: tatu juu ya mbili si kosa mu muziki wetu. Wapigaji wetu wanafanya hivyo kila siku. Mumoja anashika tatu, mwingine mbili, na utamu unatoka hapo. Lakini wote wanajua hatua iko wapi. Hapa ngoma yenye nguvu kupita sauti zote ilikaa ku kiti cha hatua, na ikawaambia wachezaji jambo ambalo wimbo hausemi. Mutoto mwenye kuusikia wimbo huu mara ya kwanza atajifunza kuucheza vibaya, na atasema njo desturi yetu.

3. Wimbo ulikimbia, ao mapile yalikufa?

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona. Ku mwisho wa kaseti tulipima tena: hatua 32 zilichukua sekunde 18, ni kusema karibu 107 kwa dakika. Kumbe wimbo uliongeza mwendo njiani. Kijana alilijua jambo hilo. Akaniambia: « Baliteleza, mwalimu. Minabanyoosha. » Na kweli, programu ilikuwa imekamata kila kipigo na kukirudisha ku mustari wake.

Je, waliteleza? Kabla ya kujibu, tulipashwa kwanza kuichunguza kaseti yenyewe, kwa sababu kaseti pia inadanganya. Zamani tulirekodi kwa radio-kaseti ya mapile. Mapile yakianza kufa wakati wa kurekodi, ukanda unatembea polepole. Na ukiupiga kiisha kwa mapile mapya, sauti zinatoka mbio na juu, kama za watoto. Inawezekana basi kama si wanawake waliokimbia, ni mapile yaliyokufa.

Utajuaje? Chupa njo ilitujibu. Sauti za watu zinaweza kupanda zenyewe watu wakichangamuka, haziaminike kwa kipimo hicho. Lakini chupa tupu iliyopigwa fasi moja kwa kisu kimoja haibadilishe noti yake. Kama mapile njo yalileta tofauti ile ya kutoka 96 mpaka 107, noti ya chupa ingepanda karibu toni nzima, sawa kutoka do mpaka re. Tulisikiliza chupa ya mwanzo na chupa ya mwisho, moja kiisha ingine. Noti ni ileile. Basi mapile yalikuwa mazima, na wanawake wale waliongeza mwendo kweli.

Tena hawakuongeza ovyo. Tuliposikiliza kwa uangalifu, tuliona mwendo unaruka fasi moja inayorudi kila mara: pale kiongozi anapoita majina ya mapasa. Anaita Kyungu, anaita Kabange, na waitikiaji wanaingia kabla hajamaliza jina la pili, kama watu wanaokimbia kupokea muzigo. Kila wakiingia hivyo, wimbo unasonga mbele kidogo, na haurudi nyuma. Hiyo si kuteleza. Wimbo umejengwa hivyo.

Sasa angalia kazi ya kunyoosha ilifanya nini. Ili waitikiaji waangukie ku mustari, programu iliwahamisha, na ili sauti zisigongane, kijana akakata mukia wa kiongozi. Kila mara jina la pili linakatwa: Kyungu anaitwa muzima, Kabange anaitwa nusu. Ndugu wasomaji, ninyi wenye mapasa mu jamaa munajua maana yake. Ukimupa mumoja, unamupa na mwingine. Ukimusalimia mumoja, unamusalimia na mwingine. Ni kwa kilio cha mama yao tulipiga wimbo unaomuita mutoto mumoja tu kwa ukamilifu, na hakuna hata mumoja wetu, isipokuwa kambo, aliyeona kama kuna jambo. Kijana hakutaka kumukata mutu. Alitaka tu usafi. Lakini usafi huo ulikata jina.

Mutu atasema: basi tuchague tempo ya katikati, 101, tusinyooshe kitu. Haitoshi. Kwa sekunde 20 za kwanza, mashine yenye kupiga 101 inakuwa imetangulia waimbaji kwa zaidi ya hatua moja na nusu. Ngoma na wimbo vitakuwa kama watu wawili wanaopita barabara moja bila kusalimiana.

4. Masanga na Misa Luba

Jambo hili halihusu nyimbo za mapasa peke yake. Mu mwaka 1952, Hugh Tracey, ambaye alikuwa akikusanya muziki wa Afrika, alimurekodi Jean-Bosco Mwenda mu Jadotville, ni kusema Likasi ya leo. Mwenda, mwana wa Bunkeya, aliimba « Masanga » kwa Kiswahili chetu cha huku, mutu mumoja na gitare yake, anaipiga kwa vidole viwili: dole gumba na kidole cha pili. David Rycroft alihitaji makala ya sehemu mbili mu gazeti African Music, mu 1961 na 1962, ili aeleze namna gitare hiyo inavyotembea. Kwani dole gumba linasema lake, kidole kinasema lake, sauti inapita katikati, na hakuna ngoma inayomutangazia musikilizaji: hatua ni hapa.

Leo mutu anaweza kutia « Masanga » mu programu na kuiwekea ngoma kwa dakika kumi. Lakini kwa kufanya hivyo anajibu ulizo ambalo Mwenda aliliacha wazi. Akilijibu vibaya, watakaosikia watafikiri ni Mwenda aliyekosa. Na Mwenda, aliyekufa mu 1990, hawezi kujitetea.

Wengine watanipinga kwa kusema kama wazee wenyewe walibadilisha mambo. Ni kweli, na mufano mukubwa uko kwetu. Pale Kamina, Padri Guido Haazen aliunda kundi la Troubadours du Roi Baudouin, na mu 1958 wakarekodi Misa Luba. Kilatini ya Misa juu ya mitindo ya kuimba ya kwetu lilikuwa jambo jipya kabisa, na dunia nzima ililipokea. Lakini tusikilize vizuri nani alimufuata nani. Maneno ya Kilatini yalirefushwa, yalirudiwa, yalipewa kiongozi na waitikiaji, mpaka yakaenea mu wimbo. Kilatini njo kilifuata. Sikatae ugeni; ninauliza tu mugeni anakaa ku kiti gani.

5. Vijana wako na haki yao

Nisipowapa vijana haki yao nitakuwa mwamuzi mubaya. Mwenye studio ndogo anafanya kazi mu shida. Mupiga gitare anakuja siku moja, mwimbaji siku ingine, umeme unakatika katikati. Bila mwendo mumoja wa mashine, kila mutu na kliki mu sikio, sehemu zile haziwezi kukutana. Kwa wimbo mupya unaoanzia mu studio, mwendo usiobadilika ni chombo kizuri. Hata mu korali zetu kinanda chenye ngoma ndani kimewasaidia wengi kushika mwendo.

Tofauti ni hii: wimbo mupya unazaliwa ndani ya kliki, unaijua tangu tumboni. Wimbo wa kaseti ulizaliwa mu kiwanja, kati ya watu wanaoangaliana. Mwendo wake ni sehemu ya maneno yake.

Tena programu zilezile zinazonyoosha zinaweza kufanya kinyume, na wengi hawajui. Unaacha sauti ya kaseti ilivyo, bila kuivuta. Unasikiliza na kutia alama pale kila duru inapoanza. Kiisha unaiambia programu ihesabu tempo kati ya alama na alama: hapa 96, kule 99, kule 104, mpaka 107. Inakuwa sawa ramani ya njia yenye mabonde na milima. Ngoma na besi utakazoongeza zitaifuata ramani hiyo: waimbaji wakiongeza, nazo zinaongeza. Ni kazi ya mangaribi moja ao mbili kwa wimbo mumoja. Haihitaji pesa, inahitaji masikio na uvumilivu.

6. Mambo manne ya kushika

Kwa walimu wenzangu, kwa wenye studio na kwa viongozi wa makundi ya desturi, ninatoa mashauri haya.

Kwanza, tuchunguze kaseti kabla ya kupima mwendo. Tutafute ndani yake chombo ambacho noti yake haibadilike: chupa ao likembe. Kama noti yake inapanda ao kushuka njiani, turekebishe kwanza mbio za ukanda.

Pili, tusiikubali namba ya mashine bila kuita mutu anayeujua wimbo ule kwa miguu. Na tusifikiri kama kila wimbo uko na duru ya 12. Watshokwe na Waluvale, kwa mufano, wako na duru inayojulikana sana ya vipigo vidogo 16. Kila wimbo uulizwe kwa watu wake.

Tatu, mashine ifuate kwa ramani. Tusinyooshe waimbaji wenye kufa. Hawatarudi kuimba mara ya pili.

Ine, kaseti ya mwanzo itunzwe nzima, bila kuongezwa wala kukatwa kitu, na kazi mupya iandikwe wazi kama ni kazi mupya, pamoja na jina la mwenye kuifanya. Rumba ya Kongo ilipoandikwa na UNESCO mu Desemba 2021 kati ya urizi wa watu wote, tulifurahi sisi wote, na ilifaa. Lakini urizi mwingine uko mu sanduku chini ya kitanda cha mama mukubwa, na huo hakuna mutu wa kuja kuutunza kama si sisi.

7. Kazi ya pili

Vijana wale hawakukasirika. Walirudi ku ordinatere, wakatia alama duru kwa duru, kambo amekaa pembeni na kuwaonyesha kwa kidole pale wanapokosea. Aliwakosoa mara nyingi. Jina la Kabange lilirudi lote. Walipomaliza, wakaupiga wimbo mu kiwanja cha nyumba, bila wageni, na kambo akasimama.

Alicheza mpaka mwisho. Tulipiga makofi. Kiisha, kabla ya kukaa, akamugeukia mwenye ordinatere na kumuuliza: « Weye mutoto, na chupa yangu mulitupa wapi? »

Tukasikiliza tena. Ni kweli. Ngoma mupya sasa ilifuata vizuri, lakini ililia kwa nguvu mpaka chupa ilifunikwa kabisa. Chupa ileile iliyotufundisha duru, iliyotuambia kama mapile yalikuwa mazima, njo sisi tuliisahau. Kijana alicheka, akasema: « Pole, kambo », akarudi mu nyumba kupunguza ngoma.